Mnara Wenye Magurudumu

Mgongo wangu umeharibikia serikalini, na serikali haijanipa pole hata siku moja. Kazi yangu ni kupima mtandao wa simu vijijini. Mamlaka imenipa gari lenye antena juu ya paa, kompyuta iliyofungwa kwa mikanda kiti cha nyuma, na dereva tunayemwita Breki kwa sababu hazitumii mpaka lazima. Halafu inanituma kwenye barabara ambazo hata mbuzi wangekaa kikao kwanza. Gari linatembea, mashine inapima, mimi nasaga meno. Mahali mtandao usipofika, kampuni ya simu inalazimika kujenga mnara, ndivyo leseni yao inavyosema. Mahali ulipofika, kampuni inaachwa ilale usingizi wake.

Ukilisikia hivyo utadhani ni jambo jepesi. Ngoja nikusimulie kijiji cha bondeni.

Kijiji hicho kimezungukwa na vilima pande zote, na simu yako ikishuka kule inageuka saa ya mkononi. Mwaka uliopita alikwenda kupima mwenzangu mmoja wa ofisini, mpole, mwenye adabu zake. Wenyeji waliposikia mgeni wa serikali anakuja kuangalia mambo ya simu, wakafanya kile ambacho watu waungwana hufanya: wakampeleka mahali pazuri kuliko pote. Kuna jiwe kubwa juu ya kilima, ndiko kijiji kizima hupanda kupiga simu. Wakafagia njia, wakabeba kiti mpaka juu, wakamkalisha. Akapima, akakuta mtandao wa kutosha, akaandika kijiji kina mtandao, wakampigia makofi. Mimi siwalaumu. Nani amkaribishe mgeni jikoni kwenye moshi wakati sebule ipo?

Aliyekataa kunyamaza ni nesi wa zahanati. Msimu wa mvua uliofuata, mama mmoja alishikwa na uchungu mbaya, mlinzi akatumwa jiweni kuita gari la wagonjwa. Jiwe likiloa ni utelezi mtupu. Alipanda akaanguka, akapanda tena akaanguka, na alipofika juu na kupiga, huku chini walikuwa wanamfunika yule mama uso. Tangu siku hiyo nesi akawa anapanda jiweni kila alipopata nafasi, anapiga ofisini kwetu, anapokea matusi ya heshima, anashuka. Mkuu wangu akachoka. "Nenda kapime upya," akaniambia, "huyu mama atatutoa roho. Na wahi, mwisho wa mwezi muda wa kampuni kujenga minara unakwisha. Ukipita huo, hakuna wa kuwagusa."

Basi tukaenda. Tulipoanza kuteremka bondeni mimi tayari nilikuwa najua nitakachokuta, nikafumba macho nipumzishe mgongo. Breki akanigusa bega.

"Mama, simu yangu imejaa mtandao."

"Acha utani, Breki."

"Angalia mwenyewe. Hata mjini sijawahi kuuona hivi."

Nikageuka kutazama kompyuta. Mtandao ulikuwa wa kumwaga. Simu yangu nayo ikaanza kuita ndani ya mkoba, dada yangu anauliza nimeweka wapi sufuria yake. Tukafika zahanati, tukaona sababu. Nyuma ya jengo, kati ya choo na kamba ya kuanikia mashuka, lilikuwa limeegeshwa lori la kampuni. Mgongoni mwake kilisimama chuma kirefu kama ngazi ya zimamoto, na pembeni jenereta linanguruma. Fundi wa kampuni alikuwa amekaa juu ya ndoo, anafua soksi zake.

"Shikamoo mama," akasema, na hakunitazama usoni.

"Marahaba. Umekuja lini na hili dude?"

"Juzi."

"Nani kakutuma?"

"Ofisi. Walipata barua yenu kwamba mnakuja."

Sheria inatutaka tuwape kampuni taarifa kabla ya kupima. Hata mwizi wa kuku haandikiwi barua kwamba polisi watapita kwake, lakini kampuni ya simu huandikiwa. Nikavuta pumzi.

"Na unaondoka lini?"

Akakamua soksi moja taratibu. "Ukiondoka wewe, mama."

Nilijisikia kuchoka mpaka kwenye kucha. Pale pembeni kijiji kizima kilikuwa kimehamia. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya wagonjwa, kwenye mizizi, kwenye ndoo zilizopinduliwa, kila mtu na simu sikioni, kelele kama sokoni. Bibi mmoja alikuwa anamgombeza mwanawe wa mbali: "Salamu zako nimechoka nazo, njoo mwenyewe!" Watu walikuwa wanacheka hovyo, wanaonyeshana picha za wajukuu. Mwenyekiti wa kijiji akanijia na mikono miwili mbele, mzee mrefu mwenye kofia iliyopauka, uso umechanua.

"Karibu mama, karibu sana! Serikali imetukumbuka. Tumepata mnara, na tena umekuja na miguu yake."

"Mzee," nikamwambia, "hamkumuuliza huyu kijana anakaa mpaka lini?"

Akanitazama kama nimetukana mbele ya watoto. "Mama, mgeni anaulizwa anaondoka lini?"

Nikaomba nionane na nesi.

Nesi ni mwanamke mwembamba, sauti imekwaruza kwa kuongea peke yake na wakubwa wasiosikia. Alikuwa kwenye chumba cha kuzalishia: kitanda kimoja, mizani, beseni, pazia lenye maua yaliyofifia. Kitandani alikaa mkaza mwana wa mwenyekiti, mke wa mwanawe wa pekee, tumbo limemjaa mpaka mapajani, miguu imevimba ikawa haina vifundo. Mapacha. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kisu, nesi akaniambia, na hawa nao hawatatoka bila kisu. Mumewe yuko machimboni, hapatikani wiki nzima nzima. Hospitali ya wilaya walimpima, wakasema vitanda vimejaa, siku bado, arudi nyumbani.

"Wakatuambia akianza uchungu tupige simu, gari litakuja," nesi akasema. "Nikawauliza tupige na nini, filimbi? Sasa Mungu si Athumani, dada, mnara umekuja."

Nikafunga mlango. Mwenyekiti alikuwa ameshaingia nasi, nikaona bora, asikie. Nikawaeleza lile lori ni la nini. Niliwaeleza kwa ufupi maana maneno yenyewe yalikuwa yananichefua. Nesi akakaa juu ya mizani, mshale ukaruka, akaanza kucheka kicheko kisicho na raha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Kumbe kweli. Basi usiondoke, dada. Kaa. Kaa hapa mpaka huyu ajifungue."

"Nikikaa, lori linakaa, na mashine yangu inaandika kila siku kwamba mna mtandao mzuri kuliko ikulu. Mwezi unakwisha, mnara hamjengewi tena. Lakini nikifunga kazi leo nikaondoka, huyu kijana naye atakunja chuma chake aondoke. Barua ya taarifa haisemi nitapima mara ngapi. Nitageuza nirudi kabla mwezi haujaisha, nitapima mkiwa mlivyo, na kampuni haitakuwa na pa kutokea."

"Na huku katikati?"

"Huku katikati mna jiwe lenu."

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati. Mwenyekiti akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Kile kiti," akasema polepole, "cha yule mgeni wa mwaka jana. Nilikibeba mimi mwenyewe mpaka juu." Akameza mate. "Na yule mama aliyetutoka alikuwa mtoto wa dada yangu. Mnara ni wa watu wote, mama, naujua uzito wake. Lakini wajukuu ni wangu. Sijui niseme nini. Nisemeeni."

Nesi akainamisha macho. Mimi nikaangalia pazia. Aliyesema ni yule mwenyewe mwenye tumbo, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Mnanijadili kama gunia la mahindi," akasema. "Si mama amekuja na gari? Anipakie."

Kila mtu akanigeukia. Sasa sikia, gari la Mamlaka limeandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu: ni marufuku kubeba abiria. Kuna mwenzangu alimbeba shemeji yake na kreti za soda, akasimamishwa kazi. Mimi nimebakiza kidogo nistaafu, na hicho kiinua mgongo ndicho pekee kitakachoinua mgongo huu. Nikasema hapana. Nikasema mimi si teksi, mimi si mkunga, mimi ni mpimaji, nimechoka, na kila kijiji ninachofika wanataka niwabebee kitu. Nilisema mengi na kwa sauti. Yule mkaza mwana hakubisha. Alikuwa anajaribu kuvaa ndala, na mguu ulikuwa hauingii.

"Breki!" nikaita. Akatia kichwa mlangoni. "Mlangoni kwenye gari pameandikwaje?"

"Marufuku kubeba abiria."

"Na huyu ni nani?"

Breki akamtazama yule mama juu mpaka chini. "Huyu ni watu watatu, mama. Abiria ni mmoja."

"Mjinga wewe. Mletee mto."

Nafasi ilikuwa moja tu, ya kubanana na kompyuta. Mama mkwe wake, mke wa mwenyekiti, hakuweza kuja, wala nesi hakuweza kuacha zahanati. Na kwa kuwa hospitali ingemrudisha tena, palibaki mahali pamoja pa kumweka, nyumbani kwangu, hatua chache kutoka hospitali. Nikampigia mume wangu palepale, mtandao si ulikuwepo. Mume wangu ni mstaafu, raha yake ni redio, kiti chake na watu kumwacha.

"Mzee, nakuletea mgeni."

"Anakaa mpaka lini?" Ndivyo alivyo. Mtu wa kwanza siku ile kuuliza swali la maana.

"Mpaka ajifungue."

Nikasikia anapunguza redio. "Wewe mwanamke," akasema, "wewe utaniua."

Nikaenda kwa fundi wa kampuni, nikamwambia nimemaliza kazi. Akaniangalia mimi, akaangalia mto kwenye gari langu, akaangalia mvua.

"Umemaliza kabisa kabisa, mama?"

"Nimemaliza."

"Mimi sijauliza kitu," akasema, akaanza kukunja chuma chake. Watu waliokuwa wanaongea na simu wakaanza kusema halo, halo, halo, huku wakizitikisa. Yule bibi aliendelea kumgombeza mwanawe kwa muda kabla hajajua kwamba anagombeza hewa.

Tulifika nyumbani salama, ingawa kila shimo nililihisi tumboni mwangu. Na yule mume wangu mkali nilimwona kwa macho yangu kesho yake asubuhi akimuuliza mgeni chai anakunywa na sukari kiasi gani, jambo ambalo mimi sijaulizwa tangu arusi. Binti wa watu anamwita baba. Baba, nisaidie kopo. Baba, hawa wanacheza ngumi humu ndani. Mzee kakohoa, kajifanya hasikii, kaenda kununua machungwa.

Siku zikasogea, lori likawa limeshafika mbali, mgeni hajambo. Asubuhi moja alisema mgongo unamuuma kidogo, nikamwambia karibu kwenye chama. Nikaingia garini na Breki tukarudi bondeni. Safari hii hatukumwambia mtu.

Nitakuambia ukweli, sijawahi kuipenda sifuri kama siku ile. Tulianza kuteremka, kompyuta ikafa ganzi. Zahanati, sifuri. Shuleni, sifuri. Kisimani, sifuri. Wenyeji walikuwa wamepata somo lao, na wakalishika kama walivyoshika lile la kwanza, kwa moyo wote. Mwenyekiti alikuwa anakimbia mbele ya gari na mwavuli uliovunjika, anatupungia. "Njoo mama, njoo! Huku nyuma ya choo ni kubaya zaidi!" Mwingine akatokea kichakani: "Kwangu ndiko hakuna kabisa, mama, hata redio inakoroma!" Karibu wagombane nani ana sehemu mbovu kuliko mwenzake. Nesi alisimama mlangoni na mikono kifuani, anacheka, safari hii kweli. Breki alicheka mpaka akagonga mti mdogo. Hata mimi nilijikuta nacheka, mbavu zikashangaa.

Tulipomaliza, mwenyekiti akaja dirishani.

"Mama, mtoto wetu hajambo?"

"Hajambo. Anamlea mume wangu."

"Akijifungua tutajuaje?"

"Utapanda jiweni unipigie." Akageuka kutazama kilima, mvua ilikuwa inateremka kama maziwa kwenye lile jiwe. Akaitikia kwa kichwa tu. Nikamwambia avumilie, mnara sasa hauna wa kuuzuia, akanishika mkono dirishani akashindwa kuuachia mpaka gari likaanza kutembea.

Tulipanda. Vipimo vimejaa, mgongo umekwisha, moyo mweupe. Pale juu barabara inapoliacha bonde, simu yangu ikaamka. Haikuita, ilitetemeka mfululizo kwenye mkoba kama mdudu aliyenaswa. Mume wangu, mume wangu, mume wangu, hospitali, mume wangu. Kabla sijabonyeza, akapiga tena.

"Uko wapi wewe?" Hiyo sauti sijawahi kuisikia kwake. "Nakupigia tangu asubuhi! Mteja hapatikani, mteja hapatikani, nimemtukana yule dada wa kwenye simu mpaka nimemwomba radhi!"

"Nini?"

"Saa nne hivi akaanguka jikoni. Nimembeba na jirani. Tukafika hana fahamu, damu inatoka. Daktari anasema apasuliwe sasa hivi, lakini anataka ndugu wa kukubali. Ndugu gani? Mumewe hapatikani, mkwewe hapatikani, wewe hupatikani. Wote hampatikani!"

"Ukafanyaje?"

Nikasikia anavuta makamasi. "Nikasema mimi ni baba yake," akasema. "Ningesemaje? Si ndivyo anavyoniita. Nikatia sahihi. Kama ni jela nitafungwa."

"Na watoto?"

"Wapo. Msichana na mvulana, wanalia wote. Mama yao bado hajafumbua macho. Amepoteza damu nyingi. Daktari anasema tusubiri, anasema watu wake waje. Leo, kasema. Waje leo."

Nikageuka nyuma kutazama kompyuta. Zile sifuri zilikuwa zimejipanga kwenye kioo tangu asubuhi, zahanati, shule, kisima, nyuma ya choo. Wakati mimi nachekelea ile ya shuleni, mume wangu alikuwa amesimama koridoni anapiga. Wakati mwenyekiti anakimbia na mwavuli wake, hospitalini walikuwa wanamtafuta yeye, yeye hasa, aseme ndiyo. Machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

"Breki," nikasema.

Hakuniuliza. Alikuwa ameshageuza.

Tukateremka huku nikiwa bado na mzee sikioni. Alikuwa ananieleza yule msichana ni mrefu kama babu yake mwenyekiti, si umesema ni mrefu, na sauti yake ikakatika katikati ya neno, kwenye kona ileile ambayo nilijua itakatika. Nikaishika simu hivyohivyo mpaka chini.

Mwenyekiti alisikia gari, akatoka mbio nyumbani kwake bila viatu, mwavuli juu, uso umechanua.

"Mama, mmerudi! Afadhali, kuna pengine pabaya nimepakumbuka, nyuma ya ghala, hamkupapima!"

Nikashuka. Nikatafuta nianzie wapi, kwenye wajukuu au kwa mama yao. Akaniona uso. Mwavuli ukashuka kidogo kidogo, mvua ikawa inampiga kichwani.

"Mzee," nikamwambia, "vaa viatu. Mwite na mkeo. Twendeni."

"Gari lenu halibebi watu, mama," akasema kwa sauti ndogo, kwa adabu yake ileile.

Nyuma yangu nilimsikia Breki anafungua mikanda ya kompyuta.